Barua ya wazi kwa Washington: mkiirefusha tena dharura ya Kongo, ileteni na hesabu yake

Kwa Mheshimiwa Rais wa Marekani, Mheshimiwa Waziri wa Hazina, na waheshimiwa wa Seneti na Baraza la Wawakilishi.

Baada ya salamu. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, na kwa sasa naishi Bujumbura kama watu wengi wa kwetu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayohesabia, na kwa sababu watakaoisoma barua hii kwanza ni majirani zangu wa pande zote za ziwa. Ninyi mtasomewa baadaye, kama mtasomewa.

Oktoba 27, 2006, Rais George W. Bush alitia saini Amri ya Rais namba 13413. Amri hiyo ilisema kwamba hali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni tishio lisilo la kawaida kwa siasa ya nje ya Marekani, na kwamba kwa sababu hiyo Marekani imo katika hali ya dharura ya kitaifa. Bush aliirefusha. Obama akairefusha, na Julai 2014 akaipanua kwa amri namba 13671 ili iwanase pia wanaowashambulia walinda amani na wanaoyasaidia makundi yenye silaha kwa biashara haramu ya madini. Trump akairefusha, Biden akairefusha, Trump akarudi akaikuta mezani. Mtoto aliyezaliwa Uvira siku ile ya kwanza atatimiza miaka 20 Oktoba 27, 2026, na hajawahi kuishi siku hata moja ambayo nchi yake haikuwa dharura ya Washington.

Sikuja kuomba ifutwe. Wapo wakubwa, wa kwetu na wa ng'ambo ya mpaka, ambao siku ya kufutwa kwake wangechinja ng'ombe. Kwa amri hiyo Hazina yenu inaweza kuzuia mali ya mtu, kumkataza kila Mmarekani kufanya naye biashara, na kuibana kampuni yoyote ambayo nusu yake au zaidi ni mali ya waliomo kwenye orodha. Na kwa kuwa dola nyingi za dunia hupita New York, mkono huo unafika mbali. Siwezi kuwaambia muuache upanga wakati mwizi bado yumo ndani. Ninachoomba ni kwamba msiirefushe tena kama mtu anavyolipia leseni ya gari, anagonga muhuri, anaondoka.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtunza hesabu wa negosian, yaani mchuuzi wa kati, mmoja wa kasiterite, mawe ya bati, pale Bukavu. Niliandika kilo zilizoingia, zimetoka karo gani, yaani sehemu gani ya mgodi, zimelipia bariyeri ngapi za kutoza kodi njiani, zimefungwa etiketi gani, kontwari gani, yaani nyumba gani ya kusafirisha nje, imezinunua na kwa bei ipi. Mtu wa kazi hiyo hapumziki mpaka ajue fedha iliishia wapi. Basi nimeyasoma matangazo yenu ya kurefusha dharura, ya mwaka huu na ya mwaka ule, nikayaweka sambamba kama madaftari ya maduka mawili. Karibu kinachobadilika ni tarehe na sahihi tu. Kila mara mnasema kuna ghasia nyingi na ukatili, kila mara mnasema uthabiti wa eneo uko hatarini, kwa hiyo dharura inaendelea kwa mwaka mmoja. Hakuna mji unaotajwa. Hakuna kiasi cha mali iliyozuiwa. Hakuna hata mstari mmoja unaosema: mwaka jana tulikusudia hiki, tumepata hiki, hiki kimetushinda.

Na ninyi waheshimiwa wabunge, hapo sheria inawagusa ninyi kuliko Rais. Sheria yenu ya Dharura za Kitaifa ya 1976 inataka kila baraza likutane kila baada ya miezi sita lifikirie kupiga kura juu ya kuikomesha dharura iliyopo. Kwa miaka 20 hiyo ingekuwa takriban mara 40 kwa Kongo peke yake. Kama mngekutana mara 4 tu kwa nia ya kweli, leo tungekuwa na mengi ya kusoma. Lakini mazoea yenu tunayajua: dharura juu ya Iran aliitangaza Rais Carter Novemba 1979, na bado ni dharura. Dharura yenye umri wa babu.

Sasa niwape hesabu ninayoweza kuitoa mimi, kwa majina ambayo ninyi wenyewe mliyaandika.

Novemba 2012 mlimwekea vikwazo Sultani Makenga, kamanda wa kundi la waasi la M23. Januari 2025 kundi lilelile, na yeye bado kamanda wake, liliiteka Goma, na katikati ya Februari likaingia Bukavu bila kupigana sana. Sidhani Makenga aliwahi kuwa na akaunti Manhattan ya kuzuiwa.

Machi 2019 mlimwekea vikwazo Corneille Nangaa, aliyesimamia uchaguzi wa 2018 akiwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kongo. Desemba 2023 Nangaa aliketi hotelini Nairobi akatangaza muungano wake wa AFC, Muungano wa Mto Kongo, pamoja na M23. Julai 2024 mkauwekea vikwazo muungano wenyewe. Mwisho wa Januari 2025 alikuwa Goma akiwaambia waandishi wa habari kwamba wamekuja kukaa. Sisemi vikwazo ndivyo vilivyomfanya mwasi. Alikuwa na tamaa zake. Lakini mtu aliyefungiwa milango yote ya biashara halali, asiyejua afanye nini ili jina lake litoke, mnamwachia njia gani isipokuwa ya msituni? Hilo nataka mlifikirie, kwa sababu wa namna yake wako wengine.

Septemba 2016 mlimwekea vikwazo Jenerali Gabriel Amisi, yule anayeitwa Tango Four. Julai 2020 Kinshasa ikampa cheo cha mkaguzi mkuu wa jeshi. Nasikitika kuliandika hili kuhusu serikali yangu, ila nisipoliandika mtaniona nahesabu upande mmoja.

Halafu yuko Dan Gertler, mfanyabiashara wa Israeli. Desemba 2017 mlimwekea vikwazo chini ya sheria nyingine, ile ya Magnitsky ya kuwabana mafisadi na wavunjaji wa haki za binadamu, na Hazina yenu ikasema Kongo ilipoteza zaidi ya dola bilioni 1.36 za mapato kati ya 2010 na 2012 peke yake, kwa migodi iliyouzwa kwa bei ya chini kwa makampuni yaliyohusishwa naye. Bilioni moja na zaidi! Januari 2021, siku chache kabla ya utawala kubadilika, akapewa leseni kimyakimya ya kumlegezea kamba. Machi mwaka huohuo utawala mpya ukaifuta. Wakongo tulijua yote hayo kwa kusoma magazeti. Aliyekatwa mkono hakuulizwa kama amesamehe.

Mtaniuliza kama basi naamini kwamba shinikizo halifai kitu. Naamini linafaa, na nimeliona likifaa. M23 walipoiteka Goma mara ya kwanza, Novemba 2012, nchi wafadhili zilikuwa zimeanza kusimamisha misaada kwa Rwanda. Ninyi wenyewe mlikuwa mmekata msaada mdogo wa kijeshi, dola 200,000, fedha ya kununulia magari machache tu, lakini Kigali waliusikia mlio wake. Machi 2013 Baraza la Usalama likaunda kikosi maalumu cha kushambulia ndani ya MONUSCO, jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa nchini Kongo, chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kufikia Novemba 2013 M23 ilikuwa imeshindwa na watu wake wamekimbilia Uganda na Rwanda. Kilichofanya kazi wakati ule ni kwamba aliyeguswa alikuwa na kitu cha kupoteza, aliguswa mapema, na wote walimgusa pamoja.

Linganisheni na 2025. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamekwisha kuandika ripoti baada ya ripoti juu ya askari wa Rwanda ndani ya Kivu. Goma ilianguka Januari 27. Bukavu ikafuata. Tarehe 20 Februari ndipo mkamwekea vikwazo James Kabarebe, waziri wa Rwanda, ambaye mwaka 1998, kwa wasiojua, alikuwa mkuu wa majeshi ya Kongo yenyewe. Mkamwongeza na msemaji wa M23, Lawrence Kanyuka, pamoja na makampuni yake mawili yaliyosajiliwa Uingereza na Ufaransa. Hatua nzuri. Ingekuwa nzuri zaidi kama ingekuja wakati sisi bado tunalala kwenye vitanda vyetu.

Nije kwenye madini, maana hapa ndipo daftari langu lilipo.

Julai 2010 mlipitisha sheria kubwa ya mabenki, na ndani yake kifungu cha 1502 kinachozitaka kampuni zenu zieleze kama bati, tantali, tangsteni na dhahabu zinazotumia zinatoka Kongo au kwa majirani zake, na kama ziliwalisha wenye bunduki. Kwetu iliitwa sheria ya Obama. Nia yake ilikuwa njema, na nawaambia hivyo bila kejeli. Lakini Septemba mwaka huohuo Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wote wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, mpaka Machi 2011. Alipofungua, wanunuzi wakubwa wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kuamua kwamba kununua Kongo ni kujitafutia balaa. Sheria haikusema msinunue. Wao walisoma hivyo.

Walikale, kule Kivu ya Kaskazini, iliumia kuliko kwingine. Kule barabara ni jina tu. Ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya kipande cha lami pale Kilambo, zinabeba kasiterite ya mgodi wa Bisie, na zikirudi zinaleta sabuni, chumvi, mafuta na dawa. Madini yaliposimama, ndege zikasimama, na chumvi ikapanda bei. Mama aliyekuwa akiwapikia wachimbaji fufu na sombe hakuwahi kushika bunduki, wala hakujua kifungu cha 1502 ni kitu gani, lakini yeye ndiye aliyekilipia. Wenye bunduki walihamia kwenye dhahabu, ambayo haihitaji ndege. Inaingia mfukoni, inavuka mpaka, siku chache baadaye iko Dubai.

Baadaye zikaja etiketi, za kuonyesha madini yametoka mgodi gani. Gunia linafungwa moja mgodini na nyingine kwa negosian, namba zinaandikwa, mnunuzi analala usingizi. Mimi nimeziandika namba hizo kwa mkono wangu. Mfumo haukuwa kazi bure. Ulirudisha wanunuzi, na palipokuwa na wasimamizi waaminifu ulifanya kazi. Lakini etiketi ni kipande cha plastiki, nacho kikiwa na thamani kitauzwa, na kikiuzwa gunia la mlima mmoja litabatizwa jina la mlima mwingine. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameliandika hili zaidi ya mara moja.

Tazameni Rubaya, kule Masisi. Milima ile hutoa takriban asilimia 15 ya koltani, mawe yanayotoa tantali, ya dunia nzima. M23 waliishika Aprili 2024, wakaweka utawala wao, vibali vyao na kodi zao, na wataalamu walikadiria kwamba wanapata kiasi cha dola 800,000 kwa mwezi. Walisema pia kwamba tani zisizopungua 150 zilipelekwa Rwanda kwa magendo na kuchanganywa na za huko. Tani 150 hazipiti mpakani ndani ya vikapu vya akina mama. Zinapita kwenye malori, kwa mizani na kwa karatasi, na zinalipiwa.

Ndiyo maana Agosti 12, 2025 nilifurahi. Siku ile, pamoja na kundi la wanamgambo la PARECO-FF na ushirika mmoja wa wachimbaji, Hazina iliyataja makampuni mawili ya Hong Kong, East Rise na Star Dragon, kwamba yalinunua madini ya Rubaya. Hatimaye mnunuzi! Lakini kampuni ya biashara ya Hong Kong hali koltani. Iliuza kwa kiwanda cha kuyeyusha, kiwanda kikauza kwa mtengenezaji wa vipuri, na vipuri vikaingia kwenye simu na kompyuta ambazo baadhi yake ziko kwenye meza za ofisi zenu. Sehemu hiyo ya daftari iko wazi bado. Kampuni ya Hong Kong hufungwa Jumatatu, na nyingine hufunguliwa Jumanne kwa jina jipya. Kiwanda chenye tanuri hakihamishiki hivyo.

Kwa upande wa mtu wa kawaida nitasema kwa kifupi, si kwa sababu ni kidogo. Kongo ni nchi ya dola. Kodi ya nyumba ni dola, karo ya shule ni dola, na noti ikiwa na mchaniko mdogo kama ukucha inakataliwa sokoni. Tangu mwisho wa Januari 2025 benki za Goma zilifungwa, kisha na za Bukavu, kwa hiyo watu wakabaki na fedha ya simu na wale wanaobadilisha kwa riba ya kuumiza. Kufungwa huko si amri yenu, nalijua. Lakini benki za nje zinapoona neno Kongo katika jina la programu ya vikwazo, zinarudi nyuma hatua kumi mahali ambapo mngetaka moja. Ndugu yangu aliyeko Marekani alituma fedha ya matibabu, kampuni iliyoipokea ikaizuia kwa siku nyingi kwa kuwa jina la ukoo la shangazi yetu linafanana na la mtu wa kwenye orodha. Shangazi anauza samaki. Mnaweza kulirekebisha hili kwa waraka mmoja unaosema wazi kwamba fedha za familia, hospitali, shule na biashara ndogo haziguswi, na kwamba benki itakayozipitisha haitaadhibiwa.

Kuna jambo jingine ambalo sijui niliandike kwa sauti gani. Mwaka 2024 Marekani ilitoa karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu kwa Kongo. Mwaka wa bajeti uliomalizika Septemba 2024, Wakongo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi mliowapokea, karibu watu 20,000, na wengi wao husali na kugombana kwa Kiswahili hapo mlipo. Januari 2025, wiki ileile Goma ilipokuwa ikizingirwa, mlisimamisha mpango wa wakimbizi, kisha mkakata misaada. Kwa hiyo dharura yetu ni kubwa kiasi cha kuwapa ninyi mamlaka ya pekee juu ya mali za watu, ila si kubwa kiasi cha kuendelea kulipia vidonge vya waliobakwa. Hivi viwili nimeshindwa kuvioanisha kwenye daftari moja.

Na mkataba je? Juni 27, 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia saini Washington. Desemba 4 marais wenyewe, Tshisekedi na Kagame, wakatia saini mbele ya Rais Trump, na siku hiyohiyo Kongo na Marekani zikakubaliana juu ya madini. Haikupita wiki, M23 wakaingia Uvira. Kutoka ninapoishi, taa za Uvira zinaonekana usiku. Watu walivuka na magodoro kichwani kuingia Burundi, nchi ambayo haikuwa na nafasi wala chakula cha kuwatosha. Kama saini ya marais wawili mbele yenu haina uzito wa wiki moja, basi kalamu mliyobaki nayo ni hii ya vikwazo, na ndiyo maana nang'ang'ana nayo.

Nawaomba basi mambo yafuatayo, na si mengi. Tangazo la kurefusha lije na kiambatisho kinachosomeka: nani kaongezwa, nani kaondolewa na kwa nini, mali kiasi gani imezuiwa, na leseni zipi zimetolewa kwa nani. Kila aliyeandikwa ajue ni tendo gani akilifanya, likathibitishwa, jina lake litatoka. Anayeshika mgodi auachie, anayetoza bariyeri aache. Uchunguzi uliofika Hong Kong uendelee mpaka kwenye tanuri na mpaka kwa wafanyabiashara wa dhahabu wa Ghuba, hata kama mwisho wa njia kuna rafiki yenu au kampuni yenye hisa New York. Na huo mkataba wenu wa madini msiugeuze kuwa sababu ya kulegeza vikwazo kwa yeyote kwa bei ya kobalti. Tulishaona Januari 2021 jinsi kamba inavyoweza kulegezwa usiku.

Kwa wabunge: iteni kikao kimoja juu ya dharura hii kabla ya Oktoba. Waiteni Hazina, muwaulize maswali ambayo mimi nimeyauliza hapa, tena kwa ukali zaidi, kwa kuwa ninyi mnaweza kuwaapisha. Mkiona inafaa, waiteni pia Wakongo wa majimboni mwenu, hawahitaji viza.

Sheria inataka tangazo litoke ndani ya siku 90 kabla ya kumbukumbu ya mwaka. Maana yake rasimu inaweza kuwa mezani kuanzia mwisho wa Julai. Nimeiandika barua hii mapema ili asiwepo wa kusema haikufika kwa wakati.

Wenu katika kungoja,

Mtunza hesabu wa zamani, mzaliwa wa Bukavu
Bujumbura